Zimeni Spika, Mkae Nusu Duara

Wajukuu zangu,

Juzijuzi mlipokuja kunieleza kwamba mnataka kufanya onyesho la muziki wa filamu, muziki ulioandikwa na watunzi weusi, nilinyamaza kwa muda mpaka mmoja wenu akadhani nimechukia. Sikuchukia. Nilikuwa nasikiliza barabara. Mnajua nyumba hii, hapa Tunduma, ilivyo jirani na foleni ya maroli yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na jioni ile breki za upepo hazikukoma kupumua. Nikawa najiuliza: violini moja na tromboni moja katika mji huu usiozima injini, nani atazisikia?

Nimelala na swali hilo siku tatu. Jibu nimelipata, ila ni refu, ndiyo maana nimeketi kuliandika.

Mlisema mnasita kwa sababu muziki wa filamu hupigwa na okestra ya watu sabini au themanini, na ninyi mko wanne tu: violini, gitaa, tromboni na kinanda. Mkasema labda muuchukue muziki wenyewe kwenye intaneti, muuweke kwenye spika, halafu mpige kidogo juu yake ili watu wawaone mmeshika vyombo. Wanangu, hilo msilifanye. Nitawaeleza kwa nini, na nitaanzia kwenye filamu mliyonionyesha wenyewe.

Mnakumbuka mliponiwekea Get Out ya Jordan Peele, ile ya mwaka 2017. Sikuwa na hamu nayo, maana filamu za kutisha zinaninyima usingizi. Ikafika pale majina ya mwanzoni yanapopita, miti inakimbia pembeni kama unavyoiona ukiwa dirishani mwa basi, na sauti za watu zikaanza kunong'ona chini yake. Nikasema simamisha, rudisha nyuma. Mkashangaa babu kapatwa na nini. Nilikuwa nimesikia Kiswahili.

Wimbo ule unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Mmoja wenu alitabasamu akasema sisi tungesema "wasikilize wahenga". Ni kweli, ndivyo tungesema. Lakini mtunzi wake, Michael Abels, alizaliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1962, na Kiswahili hakukinyonya kwa mama yake. Alikuja kukibishia hodi akijua anachokitafuta. Mwenye filamu alitaka tusikie sauti za watu weusi waliokufa, waliouzwa utumwani na walionyongwa mitini, wakimwonya kijana aliye kwenye hadithi aokoe roho yake. Abels akaziweka sauti hizo katika lugha yetu. Onyo likawa wazi kabisa, na papo hapo likafichika, maana wengi walioketi katika kumbi za Marekani hawakuelewa hata neno. Hebu fikirini: ukumbi umejaa, watu wanatafuna bisi, wafu wanapaza sauti kwamba kuna hatari mbele, na hakuna anayegeuka. Mama anayeuza ndizi pale Mpemba angegeuka.

Jambo lile lilinishika kifua. Lakini lililonifanya niandike barua hii ni jingine, mlilonisomea baadaye, la jinsi Peele alivyompata mtu huyo. Abels alikuwa mwalimu wa muziki shuleni, California, amekwisha kupita miaka 50, na hajawahi kuandika muziki wa filamu ndefu hata moja. Peele alikuta kwenye intaneti kazi yake iitwayo Urban Legends, iliyoandikwa kwa ajili ya kwateti ya nyuzi ikiwa na okestra nyuma yake. Kwateti ni watu wanne: violini mbili, viola moja na selo moja. Watu wanne walikaa mbele ya hadhira wakaipiga kazi ya mwalimu wa shule kwa mikono yao, ikarekodiwa, na rekodi hiyo ikasafiri mpaka kwa mtu aliyekuwa akiihitaji. Mwaka 2023 Abels alipata tuzo ya Pulitzer, pamoja na Rhiannon Giddens, kwa opera yao Omar, inayosimulia habari za Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani Marekani mwaka 1807 na kuandika maisha yake kwa Kiarabu. Yote hayo yamepita kwenye mlango uliofunguliwa na watu waliokubali kukaa jukwaani na nota za mtu asiyejulikana. Basi msiniambie mko wanne "tu".

Muziki wa namna hiyo, wa watu wachache ambao kila mmoja ana sauti yake peke yake, Wazungu waliuita muziki wa chumbani, kwa kuwa ulipigwa sebuleni mwa nyumba za watu. Jina hilo lisiwatishe. Huku kwetu tumekuwa nao kabla sijazaliwa, ila hatukuuita hivyo.

Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wamefika Mbozi. Walikuja na Biblia na walikuja na matarumbeta. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipopewa sauti ya nne, besi, kwa sababu mapafu yangu yalikuwa makubwa kuliko busara yangu. Alfajiri ya Pasaka tulikwenda makaburini kungali giza. Mnaijua baridi ya Mbozi wakati ule wa mwaka, ukungu umelala juu ya mibuni, na mdomo wa chombo ukiugusa unachoma kama barafu. Tulikuwa wanne. Hapakuwa na mtu wa kutupungia mkono wala wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Aliyeshika sauti ya kwanza alikuwa mzee mfupi, fundi cherehani. Aliinua mabega, akavuta pumzi kwa pua tukaisikia, na katika pumzi ile ile wote wanne tukaingia. Huku waumini wamesimama kati ya misalaba, na waliolala chini yake ni baba zao na watoto wao, sisi wanne ndio tuliokuwa muziki wote wa dunia kwa dakika zile. Nikikosea noti moja, hapakuwa na mtu wa kunifunika.

Miaka mingi baadaye nilipolisikia lile neno wahenga kwenye filamu yenu, niliwaona watu wa makaburi yale.

Sasa rudini Jumamosi iliyopita, hapa uani. Mlikaa mmepanga mstari kama wanafunzi wanaopigwa picha, kila mtu anatazama mbele, na katikati mmesimamisha simu ikigonga mapigo. Niliwaacha mpige mara mbili. Mara ya tatu nikaichukua simu nikaitia mfukoni. Mkapotea wote, mkasimama. Nikawaambia mgeuze viti mtazamane, nusu duara, ili aliye pembeni kushoto aone mkono wa aliye pembeni kulia. Nikamwambia mwenye violini: kabla hujaushusha upinde, pumua tukusikie. Akaona haya mwanzoni. Kisha akapumua. Yule wa tromboni, ambaye siku zote huchelewa kwa kuwa anafikiria mkono wa chombo kuliko wimbo, aliingia naye sawasawa, na nikaona macho yake yakifunguka kama mtu aliyekanyaga ngazi gizani akaikuta ipo. Mlipiga pau nane tu namna ile. Pau nane hizo zilinitosha kujua onyesho lenu linawezekana.

Spika isingewapa hilo. Mkipiga juu ya rekodi, mnamfuata mtu asiyewasikia.

Kuna jambo la pili, na hili naomba mlisome polepole.

Ninyi na wenzenu mmetazama filamu nyingi kwenye vibanda umiza, vile vya kulipia kuona video. Navipenda vibanda hivyo. Watoto wa mji huu wameiona dunia humo kwa shilingi chache. Lakini mtafsiri anazungumza juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho, na muziki wote unazama chini ya sauti yake. Mtu anaweza kuwa ameitazama Malcolm X ya Spike Lee mara tatu na hajawahi kumsikia Terence Blanchard. Malcolm X mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere, kwa hiyo hadithi ile ina mguu wake hapa nchini. Muziki wa filamu hiyo ya mwaka 1992 uliandikwa na huyo Blanchard, mpiga tarumbeta wa New Orleans. Mwaka 2021 opera yake ilifungua msimu wa Metropolitan Opera ya New York, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1883, na kabla ya siku ile haikuwa imepiga opera ya mtunzi mweusi hata moja. Hesabuni wenyewe miaka. Na mwaka huohuo wa 2021 Blanchard alitoa albamu Absence akiwa na bendi yake pamoja na kwateti ya nyuzi ya Turtle Island. Mtu anayeweza kupewa okestra nzima akiitaka, bado anakwenda kukaa na watu wanne wenye nyuzi. Mwenye tromboni, huyu ni wako, msikilize.

Wapo na wengine ambao majina yao hayakusomeka kabisa. William Grant Still alizaliwa Mississippi mwaka 1895. Simfonia yake ya Afro-American ilipigwa na okestra kubwa mwaka 1931, wakati mtu mweusi katika miji mingi ya nchi ile hakuruhusiwa kukaa kiti cha mbele cha basi. Alikwenda Hollywood. Katika Lost Horizon ya mwaka 1937 mkono wake upo kwenye kupanga sauti za okestra, lakini jina walilolisoma watazamaji lilikuwa la Dimitri Tiomkin. Mwaka 1943 aliitwa katika filamu Stormy Weather, akaiacha kazi hiyo alipoona namna watu wake walivyokuwa wakidharauliwa. Aliondoka kwenye mshahara kwa sababu ya heshima, na alikuwa na familia ya kulisha.

Sasa sikilizeni alichokuja kuandika. Mwaka 1956 alitunga kazi kwa ajili ya kinubi, piano na ala chache za nyuzi, muziki wa chumbani hasa, akaiita Ennanga. Ennanga ni kinubi cha Baganda, chenye shingo iliyopinda na nyuzi nane, kilichopigwa mbele ya Kabaka. Mtu aliyefanya kazi nyuma ya filamu za wengine alinyoosha mkono kuvuka bahari akalichukua jina la chombo cha jirani zetu. Miaka 10 baadaye, Mei 1966, ikulu ya Mengo ilishambuliwa na wapigaji wa Kabaka wakatawanyika. Kinubi kilipokuwa kinanyamazishwa Kampala, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa juu ya nota huko Marekani. Nikilifikiria hilo ninashindwa kuamua kama nifurahi au nihuzunike.

Sisi wa Songwe tunapaswa kuelewa habari ya majina kuliko watu wengine. Pale Ndolezi kuna kimondo, tani zipatazo 16 za chuma kutoka angani, na Wanyiha wamekijua tangu mababu. Ukifungua vitabu utasoma kwamba kiligunduliwa mwaka 1930. Kiligunduliwa na nani, wakati watoto walikuwa wakichunga mbuzi pembeni yake?

Lakini kabla sijawanyooshea wengine kidole, niwaambie langu.

Ilikuwa zamani za kaseti, nikiwa mwalimu wa kwaya. Kijana mmoja wa Ileje aliniletea wimbo alioutunga mwenyewe. Aliuandika kwa sol-fa, kwa penseli, nyuma ya stakabadhi ya kahawa, herufi zimebanana kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo. Sauti ya tenori aliipandisha mahali ambapo mimi, mwalimu wake, nisingethubutu. Niliufundisha kwaya. Tuliuimba kwenye mikutano mingi, watu wakalia, tukaurekodi. Kwenye karatasi ya kaseti likachapwa jina la kwaya, na chini yake jina langu kama mwalimu. La kwake halikuwapo. Hakuna aliyenikataza kuliweka. Sikuliweka tu, nikajiambia wimbo ni wa Bwana.

Yeye alikuwa ameshavuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba Zambia. Ikapita miaka. Siku moja nikakutana naye hapa stendi ya Tunduma, mvi zimeanza, begi begani. Kibanda cha kaseti kilichokuwa karibu kilikuwa kinaupiga wimbo wake. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Akasimama akisikiliza mpaka ubeti ukaisha, kisha akasema, "Tenori wenu wanaivuta sana pale juu." Basi. Akapanda gari lake. Mimi nilibaki pale stendi nimeshika nauli mkononi, nimesahau nilikuwa nakwenda wapi. Sikumwona tena. Stakabadhi ile ninayo mpaka leo ndani ya Biblia yangu.

Kwa hiyo mnaponiambia kwamba nyinyi na marafiki zenu mnatengeneza filamu fupi na kuweka chini yake muziki wowote mnaoukuta, "kwani nani atajua", mimi najua. Nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo, kaulizeni. Watunzi walio hai, kama Abels na Blanchard, wana watu wanaosimamia kazi zao. Nota zao zinanunuliwa, na ruhusa inaombwa. Andikeni barua pepe, mwelezeni mtu kwamba ninyi ni vijana wanne wa mpakani, Tanzania, mnataka kupiga kazi yake kwa vyombo mlivyonavyo. Akikataa, mmekataliwa na mtu aliyewasikia. Akikubali, mna barua ya kubandika ukutani.

Mnaniuliza mpige nini. Sitawapangia yote, lakini kipande kimoja nakitaka, na nitawaeleza kwa urefu kwa sababu nakipenda.

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na yeye alikuja kushika nyatiti, zeze kubwa la Wajaluo. Wengi wenu hamjaiona nyatiti kwa karibu. Ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na juu yake mikono miwili inashika gongo la kupitisha nyuzi nane. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi mpaka magoti yanakaribia kifua, chombo amekiegemeza ubavuni. Vidole vinachuna. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nene ya chuma, na pete hiyo inagonga ukingo wa nyatiti: ko, ko, ko. Kwenye kifundo cha mguu amefunga njuga. Juu ya hayo anaimba. Mtu mmoja, na ndani yake kuna mpiga nyuzi, mpiga ngoma, mpiga njuga na mwimbaji. Ni kwateti iliyokaa kwenye kigoda kimoja.

Ogada alikwenda Uingereza, akapiga nyatiti kwenye njia za treni za chini ya ardhi London, wapita njia wakimtupia sarafu. Humo ndimo alimosikika. Mwaka 1993 ikatoka albamu yake En Mana Kuoyo, na ndani yake wimbo Kothbiro, yaani mvua inakuja. Mwaka 2005 wimbo huo uliingia katika filamu The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya. Muziki mkuu wa filamu ile uliandikwa na Mhispania Alberto Iglesias, tena vizuri sana, ukateuliwa kwa tuzo ya Oscar. Lakini muulizeni aliyeitazama anakumbuka sauti gani. Nyuzi nane, pete ya chuma na koo moja. Ogada alifariki Februari 2019, nyumbani kwao upande wa Kisumu.

Kipande hicho, Kothbiro, kipangeni kwa ajili yenu wanne. Gitaa ichukue nyuzi za nyatiti, lakini mpigaji asiiburuze kama kwenye bendi; achune kidole kimojakimoja na auache uzi ufe wenyewe. Tromboni ichukue sauti ya mwimbaji, kwa chini, bila kupuliza kifua. Kinanda kinyamaze ubeti mzima wa kwanza. Najua mwenye kinanda hatapenda. Mwambieni kunyamaza ni sehemu yake, na akikaa pale mikono mapajani, anasikiliza, watu watausikia ukimya wake. Na ile pete ya chuma? Mmoja wenu agonge mguu wa kiti kwa kijiko. Msicheke, jaribuni.

Sina nafasi ya kumwelezea Geoffrey Oryema ipasavyo. Alizaliwa Soroti, Uganda. Mwaka 1977 baba yake, aliyekuwa waziri, aliuawa katika utawala wa Idi Amin, na kijana yule akavushwa mpaka wa Kenya amefichwa kwenye buti la gari. Alifika Ufaransa na sauti za nanga na lukeme, vyombo vya kwao, kichwani mwake, na mwaka 1994 akawa mmoja wa walioutengeneza muziki wa filamu Un Indien dans la ville. Mtu aliyevuka mpaka ndani ya buti! Ninyi mnaoishi kwenye mpaka someni habari zake wenyewe. Na Quincy Jones, aliyetutoka Novemba 2024, yeye ana kazi nyingi kiasi kwamba mtafanya onyesho lake peke yake mwakani. Anzeni na The Color Purple.

Sasa niseme juu ya siku yenyewe, maana swali langu la mwanzo lilikuwa ni nani atasikia.

Msitafute uwanja. Watu watawaambia Songwe ni mkoa mchanga, umezaliwa mwaka 2016, hauna ukumbi wa muziki, mngoje. Msingoje. Ombeni kile chumba cha shule ya Jumapili chenye kuta za tofali za kuchoma, ambacho madirisha yake yameipa barabara mgongo. Kinaingiza watu hamsini wakibanana. Watu hamsini waliosikia kweli ni wengi. Viti vyenu vinne viwe katikati, na watu wawazunguke karibu kiasi cha kuona kidole kikitetemeka. Msiweke picha ya filamu ukutani mwanzoni, maana macho yatayameza masikio. Pigeni kwanza. Halafu mmoja wenu asimame aseme kwa Kiswahili cha kawaida: huu uliandikwa na fulani, alizaliwa mahali fulani, na katika filamu unasikika pale kijana anapoingia nyumbani kwa watu asiowajua. Pigeni tena. Mtaona watu wakisikia tofauti mara ya pili. Baada ya hapo, mkitaka, onyesheni kipande cha filamu.

Karatasi ya programu iandikwe kwa mkono ikiwa hamna pesa ya kuchapisha, lakini kila jina la mtunzi liwepo, kwa herufi zake sahihi, na mwaka. Mkiwa na shaka ya herufi, njooni tuangalie pamoja.

Roli likipiga honi katikati ya wimbo, msisimame wala msiongeze sauti. Shusheni. Wasikilizaji watainama mbele kuwafuata. Hilo nililijifunza makaburini, majogoo wa jirani walipokuwa wakiwika kila tulipofika kwenye noti ndefu.

Nimezungumza na jirani, atazima jenereta saa kumi na moja mpaka saa moja jioni Jumamosi hii ili mfanye mazoezi hapa uani. Njooni na viti vyenu, vyangu vimelegea. Mwenye tromboni aje na kitambaa na mafuta ya kuulainisha ule mkono, unakwaruza.

Na siku ya onyesho, kabla hamjaanza, naomba dakika moja. Sitahutubu. Nitakuja na Biblia yangu, nitaifungua pale kwenye ile stakabadhi, na nitasoma jina lililoandikwa kwa penseli nyuma yake. Silitaji hapa kwa sababu nataka mlisikie pamoja na watu wengine, chumbani. Kisha, kama mtakuwa mmejifunza, mnipigie wimbo ule kwa sauti nne. Nota nimewanakilia, ziko kwa bibi yenu. Pale tenori inapopanda, mpeni violini, na mwambieni asiivute.